Jina la Nasriya Ukutani

Aliya alikuwa mwalimu wa wasichana Unguja. Yeye na mumewe Aflah walipokimbilia Matrah, Omani, baada ya mapinduzi, hakukuta pa kusomesha. Skuli zilikuwa chache mno, tena za wavulana. Wakapanga chumba cha juu katika kichochoro cha sokoni; kichochoro chenyewe kimeezekwa makuti ya mtende hata mchana kukawa kiza. Alasiri, wasichana wa majirani wakaanza kupanda ngazi kuja kusoma kwake: kwanza Shaikha, kisha Nasriya, binti wa Sleyum muuza ndimu kavu. Mama zao waliwaambia waume zao kuwa watoto wanakwenda kujifunza kudarizi kofia.

Nasriya alikuwa mwepesi. Hata mwezi haujesha, alishajua kuandika jina lake. Furaha ikamzidi, asubuhi moja akaliandika kwa chaki, kubwa, kwenye ukuta wa duka la baba yake.

Sleyum hakujua kusoma. Aliuza ndimu mpaka adhuhuri huku wapitao wakicheka, hadi muuza nguo wa jirani alipomnong'oneza: "Jina la binti yako linasomwa na soko zima."

Sleyum akapanda ngazi kwa Aliya, akavua viatu. Hakupiga kelele, Aliya angependelea apige.

"Mwalimu, sina ugomvi na wewe," alisema kwa Kiarabu cha polepole, ili amwelewe. "Lakini nitapitaje mbele za watu?"

"Mtoto kaandika jina lake tu, baba Nasriya. Si aibu."

"Kwenu, labda."

Jioni ile mwenye nyumba akamwita Aflah: darsa likome, au wahame.

"Nnajua linavyokuuma," Aflah alimwambia mkewe. "Lakini wakitutoa hapa, twende wapi? Kule tumefukuzwa, huku hawajatuita wenzao."

 Kesho yake Aliya aliwafungia wasichana mlango.

Kabla ya Ramadhani Nasriya akaozwa mtu wa mbali, huko milimani, mkubwa kuliko baba yake. Siku ya kuchukuliwa, Aliya alishuka hadi gari liliposimama, akajipenyeza baina ya wanawake, akamshika mkono.

"Mwanangu, usiache kuandika."

"Nshasahau, mwalimu," Nasriya akasema, akautoa mkono wake.

Gari likaondoka. Aliya akabaki amesimama, asijue kama mtoto amesahau kweli au amesema vile ili aachwe. Shaikha akampita karibu, uso chini, bila kumwamkia.