Mkono wa Pumba

Mzee Mhina wa Sindeni aliendesha greda miaka thelathini na mmoja, na kwa kauli yake mwenyewe hakuna kilima kati ya Handeni na Korogwe ambacho hakukipunguza. Kimoja alikikwangua hadi watu wa ng'ambo ya pili wakaanza kuuona mwezi siku moja kabla ya wenzao. Mtu wa namna hiyo hashindwi na mbwa. Ndivyo alivyomwambia mkewe, Mwanaidi, asubuhi ile binti yao Hafsa alipopiga simu kutoka Moshi kwamba siku ya kupasuliwa macho imepatikana, na kwamba baba atakaa huko siku kumi.

"Na mbwa?" Mwanaidi akauliza.

"Korogwe. Kwa yule mama anayepokea mbwa wa wasafiri."

Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Wiki iliyopita mzee alikitolea kichuguu salamu aleikum, akasimama kungoja jibu, kisha akarudi nyumbani amenuna kwamba mashehe wa siku hizi hawaitikii. Mwanaidi alicheka hadi akakaa chini. Kesho yake hakucheka, maana mzee aliponea chupuchupu kutumbukia kwenye shimo la taka. Akamwambia, utakwenda Moshi. Naye akaapa: nitakwenda Mtasema akipata pa kukaa, asipopata, siendi. Mwanaidi alimjua mumewe. Hadithi zake ulizipunguza nusu, ukazipunguza tena nusu. Viapo vyake ulivichukua vyote.

Mtasema ndiye mbwa. Jina alipewa kwa ajili ya majirani. Mzee wa safu ya mbele msikitini anafuga mbwa? Mtasema. Wakasema, wakachoka, hasa walipoona shamba la Mhina ndilo pekee ambalo nyani hawalionji. Mzee alipenda kusimulia vita vya mwaka juzi, Mtasema alipokutana na jibaba la nyani lenye ndevu kama za mfalme. Walipigana toka adhuhuri hadi magharibi, nyani akaomba maji, na Mtasema akarudi bila mkwaruzo hata mmoja.

Lakini mpaka ulikuwepo. Mbwa alikuwa wa shamba, si wa nyumba, na mkono wa mtu haukumgusa. Mate ya mbwa ni najisi, na mtu wa sala tano hana nafasi ya kunawa mara saba kila anapopita uani. Mtasema aliletwa ndani ya kikapu, akamiminwa chini kama viazi, na kwa miaka sita akalelewa kwa maneno matupu. "Kaa," anakaa. "Zunguka kwa nyuma," anazunguka. Jioni mzee alimsimulia habari za greda, naye akasikiliza masikio yamesimama, kazi ambayo Mwanaidi aliiacha mwaka wa pili wa ndoa.

Kumwacha kwa jirani walishajaribu, walipokwenda matangani Kerenge. Chakula cha jirani yao Abdi hakukigusa. Siku ya tatu akaenda kuketi katikati ya barabara, akawa anasimamisha mabasi na kunusa milango. Mzee Mhina husema alikagua mabasi arobaini. Mwanaidi husema yalikuwa mawili.

Basi akapiga simu Korogwe. Mama Filomena alikuwa afisa mifugo mstaafu, Mshambaa, mwenye mabanda sita ya mbwa nyuma ya nyumba yake Manundu, na maneno yake yalikuwa machache.

"Cheti cha chanjo anacho?"

"Anacho."

"Amezoea mkanda wa shingoni? Kufungiwa?"

"Atazoea."

"Anashikika?"

Mzee Mhina akakohoa. "Mama, mbwa huyu ukimwambia neno moja tu..."

"Mbwa asiyeshikika simpokei, mzee wangu. Akiumwa nitamtibu kwa barua? Mlete Jumamosi ya wiki ijayo nimwone."

Siku kumi na mbili. Greda limefanya makubwa kwa muda mfupi zaidi ya huo. Mzee akafungua sanduku, akatoa glavu yake ya ngozi ya enzi za kazi, akaijaza pumba, akaifunga kwenye mpini wa jembe. Akaketi kwenye kigoda, mbwa kule, yeye huku, na mkono ukaanza safari.

Siku ya kwanza Mtasema aliunyakua, akakimbia nao, akauzika nyuma ya choo. Siku ya pili alikula pumba. Siku ya tatu aliukubali mgongoni kwa muda wa kuhesabu hadi tano, huku akimtazama mzee kama mtu anayemwonea haya mwenzake. Mzee akampa kipande cha dagaa na hadithi ya kilima. Siku ya nne Abdi akapita na baiskeli, akashuka.

"Shikamoo mzee. Unampaka rangi?"

"Marahaba. Namfundisha adabu za mjini. Kule mbwa husalimiwa kwa mkono."

"Ukimaliza naye uje kwangu, mgongo unaniwasha."

"Wako unataka greda, Abdi."

Kuvishwa mkanda kulikuwa kwepesi. Mzee alikiweka kitanzi juu ya bakuli la ugali. Mbwa akaingiza kichwa kula, akatoka amevaa. Kufungiwa wakakufanyia kwenye banda la mbuzi. Usiku wa kwanza Mtasema alilalamika, wa pili akaguna, wa tatu akaingia mwenyewe na kuwatoa mbuzi wawili waliokuwa wamemtangulia. Kufikia Alhamisi alikuwa analala chini ya mkono wa pumba, ulimi nje.

"Ameiva," mzee akatangaza.

"Ameiva kwa mpini wa jembe," Mwanaidi akasema, lakini kwa sauti ya chini.

Jumamosi Abdi akawapeleka Korogwe kwa pikapu. Mbwa alipanda kwa neno moja na kushuka kwa neno moja, mkanda shingoni, kamba imelegea. Hata Mama Filomena aliinua nyusi. Akasalimia, akachuchumaa, akanyoosha mkono polepole, kiganja juu.

Mtasema akakauka. Nywele za mgongo zikasimama, mdomo ukajikunja, na meno yote aliyopewa na Mungu yakaonekana.

"Subiri, subiri, mama," mzee akasema bila wasiwasi wowote. Akauchomoa ule mpini kwenye pikapu, akampapasa mbwa kichwani. Mtasema akalegea papo hapo, akafumba macho. "Umeona? Kondoo."

Mama Filomena akaitazama ile glavu. Hakucheka, na hilo lilimtia mzee baridi kidogo.

"Mzee wangu, wewe mwenyewe umewahi kumgusa?"

"Mimi ni mtu wa sala, mama."

"Najua. Na yeye anajua. Miaka sita umemfundisha kwamba mkono wa mtu haumfikii, naye ameshika. Kwake hiyo ndiyo heshima ya nyumba yenu. Sasa mimi nimekuja kuivunja, ananitolea meno. Mtazame, anakuangalia wewe, anauliza." Akasimama, akajipangusa magoti. "Aone kwako kwanza. Hapo nitampokea. La sivyo mrudi naye tu, salama salimini."

Mzee Mhina akasimama na mpini wake. Alifikiria Moshi, akafikiria kichuguu. Uso wa Mwanaidi ulikuwa hatua tatu tu kutoka kwake, naye aliuona kama ukungu wenye kanga.

Ukungu ule ndio uliosema. "Mume wangu, maji yapo. Udongo upo. Kunawa mara saba ni kazi ya robo saa, na kutoona ni kazi ya kutwa nzima. Mguse mbwa wako twende."

Hakuna aliyetegemea maneno hayo kwa Mwanaidi, mwanamke aliyesusa kupita upande wa shamba kwa mwezi mzima siku mbwa alipoletwa. Mzee akauweka mpini chini. Akakunja mkono wa kanzu, akachuchumaa, magoti yakalia.

"Mtasema. Tulia. Ni mimi."

Akaweka kiganja kichwani. Kulikuwa na joto, joto kuliko alivyowahi kudhani, na mfupa ulikuwa mdogo kwa mbwa mwenye sifa kubwa hivyo. Mbwa akatetemeka mara moja, kisha akausukuma uzito wake wote kwenye kile kiganja. Vidole vikashuka nyuma ya sikio, na hapo vikakutana na kovu. Refu, gumu kama kamba ya katani, toka chini ya sikio hadi kooni.

"Hiki nini?" akauliza.

"Nyani," Mwanaidi akasema.

"Wewe ulijua?"

"Nilimmwagia maji ya chumvi na mwarobaini wiki nzima. Kwa kopo, toka mbali. Wewe ulikuwa unasimulia."

Mzee akalifuata lile kovu kwa kidole, akalirudia. Kisha akauchukua mkono wa Mama Filomena kwa pindo la mkono wa gauni lake, akauvuta ukakaa kando ya wake. Mtasema akaunusa, akamtazama mzee, akarudisha kichwa palepale.

"Nimempokea," Mama Filomena akasema. "Banda la tatu, lina kivuli. Anakula nini?"

"Ugali na dagaa. Na hadithi moja jioni, mama, hata fupi."

"Mimi sijui kudanganya."

"Basi msimulie ya nyani. Ile ni ya kweli, na leo nimepata kipande kilichokuwa kimebaki."

Wakaenda kwenye ndoo kando ya ukuta. Mwanaidi akamimina kwa kopo, mzee akanawa: mara ya kwanza kwa udongo mwekundu wa Manundu, kisha maji, wakihesabu pamoja kwa sauti. Walipofika sita, Mama Filomena akapita na kamba mkononi akimpeleka mbwa bandani. Mtasema akanyoosha shingo na kuulamba mkono wa mzee, toka kiwiko hadi kiganja, ulimi mzima, taratibu, kama mtu anayelipaka jiko udongo.

Abdi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Mzee akainama, akachota udongo mpya.

"Moja," Mwanaidi akasema, akainamisha kopo.