Picha Zisizochukuliwa

Tovuti ilipata mgeni mmoja kila siku, na mgeni mwenyewe alikuwa Truphosa, akiingia kuangalia kama kuna mgeni.

Usimcheke. Hata wewe ungefungua kibanda ukakaa ndani kutwa nzima bila mteja, ungeenda mlangoni kuchungulia. Tofauti ni kwamba yeye alichungulia kwa simu, bando ikiisha anaweka nyingine, na moyo wake ukishuka kila akichungulia.

Duka la kweli, lenye mlango na kufuli, lilikuwa Nakuru nyuma ya stesheni ya reli. Babu yake Truphosa alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, lakini mwanawe, Nyongesa, alikataa nyundo akashika kamera. Mzee Nyongesa aliwapiga watu picha pale tangu enzi za nywele za afro na suruali za kupanuka chini. Sasa presha ya macho ilikuwa imemzimia taa zote mbili, na nyuma ya pazia la studio kulikuwa na makatoni yaliyojaa picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.

Mwenye nyumba alikuwa ameuza kiwanja. Baada ya Pasaka wangekuja kubomoa. Mzee aliposikia, alitoa hukumu.

"Picha ya mtu haitupwi jaani kama ganda la ndizi. Tutazichoma, tena kwa heshima." Akapapasa mfuko wa koti lake. Kibiriti kilikuwa humo tayari.

Lakini kilichomkata Truphosa maini hakikuwa kibiriti. Ni maneno aliyoongeza baba yake, polepole, kama mtu anayesema jambo alilolijua miaka mingi: "Picha nzuri watu walichukua, mama. Hizi zilizobaki ni zile niliharibu."

Truphosa alikuwa amezitazama moja moja. Hazikuwa zimeharibika hata kidogo. Zilikuwa na mwanga laini unaoshuka upande mmoja wa uso, na kila mtu aliyekaa kwenye kile kiti alionekana kama amefikiria jambo zuri sekunde hiyo hiyo. Alimwambia hivyo baba yake, akajibiwa kwamba mtoto husifu ugali wa kwao hata ukiwa mbichi. Basi ikabidi atafutwe mtu mwingine wa kusema. Atafutwe mwenye picha mwenyewe, aje, aishike mkononi, aseme. Na iwe kabla ya Pasaka.

Ndiyo maana ya tovuti. Shantel, mpwa wake anayesoma chuo, aliijenga kwa siku chache tu, akapakia picha humo na namba ya simu ya studio. Kisha wakaanza kupiga mbiu mtandaoni. Waliweka Facebook. Wakatengeneza video fupi zenye muziki wa zamani. Wakatuma kwenye makundi ya WhatsApp: la kanisa, la ukoo, la waliosoma pamoja, hata lile la harusi ya mtu aliyekwisha kuachana na mumewe. Vidole gumba vilimiminika. "Kazi safi!" aliandika binamu aliye Doha. Mwingine akauliza kama wanakopesha. Mwanamume mmoja alimposa Truphosa, bila kufungua tovuti kwanza.

"Auntie, watu wanapenda post, lakini hawabonyezi link," Shantel alilalamika. "Wanascroll tu, wanapita."

"Wanaopita ni wa rika lako," Truphosa akasema. "Hawa tunaowatafuta wako na kabambe mfukoni, ya kupiga na kupokea. Wewe unawaita kwa dirisha na wao wako mlangoni."

Basi wakaamua kurudi kwa karatasi. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, tena vizuri kabisa.

Jerry, fundi wa kuchapa aliye mtaa wa pili, ni mtu mwenye mkono mzuri, sitaki kumsema vibaya. Lakini tuseme ukweli: kazi yake kubwa ni vitabu vya mazishi. Ijumaa zote yuko na familia za watu, anapanga wasifu wa marehemu, anasogeza picha, anaweka ua jeupe pembeni. Mkono ukizoea ua, utaliweka hata kwenye mwaliko wa harusi. Truphosa alimpelekea sura ya kijana mmoja wa miaka ya sabini, kichwa cha afro, tabasamu la upande, aliyekatwa kutoka kwenye picha kubwa aliyopigwa pamoja na mama mmoja mzee. Akamwambia aandike juu, kwa herufi kubwa, HATUJAMSAHAU. Chini, anwani ya tovuti na ule mraba wa madoadoa unaosomwa na simu.

Jerry akaongeza mstari mweusi kuzunguka. Akaongeza maua mawili. Kisha, akiona bado kuna nafasi, mshumaa.

"Imependeza," Truphosa akasema. Naam, alisema hivyo! Hata yeye amekulia kwenye vitabu vya mazishi kama sisi sote. Macho yaliona unadhifu, hayakuona kingine.

Walibandika Bondeni, sokoni, kwenye lango la stesheni, na Shantel akashuka na rundo hadi Mai Mahiu, kwenye vibanda ambapo madereva wa malori hunywa chai. Siku mbili zikapita kimya. Ya tatu, Truphosa alifungua simu kuchungulia kama kawaida yake, akapiga ukelele uliomwamsha Mzee kwenye kiti.

"Wageni, baba! Wamejaa! Hawahesabiki!"

"Wametoka wapi?"

"Mai Mahiu! Gilgil! Wengine wako mpakani Malaba!"

Dereva mmoja alikuwa ameitambua ile sura, akaona ni fundi wao wa magurudumu wa Mai Mahiu siku za ujana, akaipiga picha karatasi akaitupa kwenye kundi la madereva, na kundi likaipeleka barabara nzima. Truphosa alikuwa karibu kucheza. Kisha akaanza kusoma walichoandika.

Pole kwa familia. Lala salama Mzee Ephantus. Umetuzibia magurudumu miaka yote, sasa pumzika. Mazishi ni lini?

"Mungu wangu," Truphosa akasema, akaketi sakafuni.

Kesho yake, kabla chai haijapoa, mlango ulisukumwa kwa nguvu. Aliingia mzee mrefu, mvi kichwani, koti limefungwa vifungo vibaya, na karatasi ya Jerry mkononi. Nyuma yake alikuwa mwanamke wa makamo aliyejifunga leso, akihema.

"Nani ameniua hapa?" mzee akauliza.

Tabasamu la upande halikuwepo siku hiyo, lakini pua ilikuwa ile ile.

"Mimi nimekuwa Ndabibi kwa shamba la huyu binti yangu Mugure, tunavuna viazi, simu imezima. Narudi kwangu Mai Mahiu, napata hema! Wamama wanamenya viazi! Mchungaji anapanga nani atasoma neno! Jirani yangu ameniona akaangusha sufuria, akakimbilia kwa shamba la mahindi mpaka sasa hajatoka. Ngai! Niliwakosea nini?"

Truphosa alipiga magoti. Sitanii, alipiga magoti kabisa, akaomba msamaha kwa Kiswahili na kwa lugha zote alizozijua, akaeleza tovuti, makatoni, Pasaka, Jerry na mshumaa wake. Mzee Ephantus alisikiliza akipumua kwa pua. Aibu ilimwakia Truphosa usoni mpaka masikioni.

Ni Mzee Nyongesa aliyezungumza, kutoka kwenye kiti chake.

"Kaka, sauti yako siikumbuki. Ulikuja hapa na nani?"

Ephantus akaishusha ile karatasi. Truphosa aliinuka, akaenda nyuma ya pazia, akaleta picha nzima, ile ambayo Jerry aliikata. Hakumpa Ephantus. Kwa sababu asiyoijua, alimpa yule binti.

Mugure aliitazama. Kwenye kiti cha studio alikuwa ameketi mama mmoja, kitambaa kichwani, mikono mapajani, na kijana wa afro amesimama nyuma yake, mkono begani mwake.

"Huyu ni mimi," Mugure akasema. "Baba, huyu ni mimi nimevaa nguo za zamani."

Mnajua desturi ya Wakikuyu: binti wa kwanza huitwa jina la mamake baba. Mwanamke huyu alikuwa amebeba jina la nyanya yake maisha yake yote, na hakuwahi kuuona uso wake mpaka asubuhi ile.

Ephantus aliketi bila kukaribishwa. "Nilimleta hospitali kubwa," akasema. Hasira yote ilikuwa imemtoka. "Akasema, kabla sijalazwa nataka tupigwe picha, sijawahi. Tukaja hapa. Tukaambiwa turudi Jumamosi. Ijumaa akafa."

"Hukurudi," Mzee Nyongesa akasema.

"Nilirudi. Nimekuja Nakuru hii mara nyingi kuliko nywele za kichwa changu, kununua vipuri. Nikifika hapo kona, navuka barabara. Najua iko hapa ndani. Miguu inakataa."

Mzee Nyongesa aliinama mbele. Truphosa alijua swali linalokuja, na alitaka kulizuia na alitaka liulizwe.

"Si kwa sababu ilikuwa mbaya?"

"Mbaya?" Ephantus akamkazia macho yule mzee asiyeona. "Niliogopa kwamba ni nzuri! Kwamba nitamwona vile alikuwa." Akaichukua kutoka kwa binti yake, akaisogeza mbali kidogo na macho yake, kama wafanyavyo watu wa umri wake. "Na ni hivyo hivyo. Ni yeye kabisa, mzee. Wewe ulimwona."

Mkono wa Mzee Nyongesa uliingia mfukoni, ukatoka na kibiriti, ukakiweka mezani karibu na birika. Truphosa alikiona, akageuka upande, kwa maana machozi yalikuwa karibu.

Mengine yalikwenda mbio. Ephantus alisema hema tayari lipo, viazi tayari vimemenywa, na ni dhambi kumwaga chakula. Basi walishuka Mai Mahiu siku hiyo hiyo, na yule marehemu akasimama mbele ya waombolezaji wake, akawaonyesha mamake. Kisha akawaamuru wote watoe simu. Wenye kabambe wakaitiwa wajukuu. Ule mraba wa madoadoa ukapitishwa kutoka meza hadi meza, na Mchungaji, ambaye hakutaka mahubiri yake yaende bure, aliwaambia kwamba wafu wetu hawajachoka kutungoja. Jumapili iliyofuata tangazo lilisomwa makanisani kutoka Naivasha mpaka Kariandusi. Shantel aliweka video ya Ephantus akicheka na tangazo la kifo chake mkononi, na safari hii watu hawakupita tu. Walibonyeza.

Kisha wakaanza kuja wenyewe, kwa miguu. Mmoja alikuja kwa ajili ya kaka aliyepotelea kwenye ajali. Mwingine kwa ajili ya mchumba aliyeoa kwingine. Wapo waliosema tu walisahau, na mmoja alisema kweli picha haikumpendeza, pua imetoka kubwa, na Mzee Nyongesa alicheka mpaka akakohoa. Lakini wengi walisema lile lile, kwa maneno yao. Walikuwa wakivuka barabara.

Ijumaa Kuu makatoni yalikuwa yamepungua, na yaliyobaki kanisa lilikubali kuyahifadhi. Truphosa alikuwa akifunga la mwisho kwa kamba baba yake alipoita.

"Mama. Chini ya kitanda changu, kwa sanduku la viatu. Kuna bahasha."

Aliileta. Ilikuwa ya kaki, imefungwa kwa gundi, haijawahi kufunguliwa.

"Nilimpiga mama yako hapa studio, wewe ukiwa tumboni," Mzee akasema. "Nikasafisha picha kwa dawa nikiwa na haraka, nikaitia humo ikiwa bado na unyevu, nikasema nitamwonyesha akitoka kujifungua. Hakutoka hai. Watu wote hawa wamekuja wakaniambia kwa nini hawakurudi. Na mimi niko hapa, naishi na yangu ndani ya nyumba. Nilipokuwa na macho sikuifungua. Sasa sina. Niwekee kwa hiyo tovuti pamoja na zingine."

Truphosa alikuwa hajui kwamba ipo. Sura ya mama yake alikuwa akiisikia tu kwa watu. Aliichana bahasha kwa kidole, polepole, akaivuta karatasi nje.

Alitazama. Unyevu ulikuwa umeila yote; lilibaki doa la kahawia tu, halina uso.

"Niambie ukweli," baba yake akasema, uso umeelekea aliko. "Imetoka?"

"Imetoka, baba," Truphosa akasema. "Imetoka vizuri."