Nyuma ya Kadi

Wivu wa Romana ulianza siku kompyuta ilipoingia ofisini, lakini kompyuta haikuwa na kosa. Alimwonea wivu Libérate, binti aliyekuja nayo kutoka Tabora, ambaye kwa wiki tatu alimaliza hesabu ambazo Romana alizifanya miaka sita kwa penseli na rula. Mradi wao ulikuwa wa kuezeka kwa mabati nyumba za wasiojiweza kuzunguka Mpanda. Nani apate na nani akose, yote yalitoka kwenye kadi elfu moja na mia mbili, na kila kadi aliijaza Romana mwenyewe, akizunguka vijiji kwa baiskeli. Sasa mratibu, mzee Josephat, alikuwa akiipita meza yake bila hata kumuuliza habari za asubuhi, anakwenda kuinama mbele ya kioo cha kompyuta ya Libérate na kucheka peke yake kama aliyeonjeshwa asali. Roho ilimuuma Romana, na wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Jumanne Libérate akamletea orodha ya watakaopewa. "Dada Romana, naomba unisaidie kuipitia. Keshokutwa inasainiwa."

Romana alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa kijiji cha Litapunga akamtafuta bibi Dorotea, mmoja wa aliowajazia kadi. Hayumo. Sababu aliijua papo hapo. Kule kijana akioa, mama humwachia nyumba na kuhamia jikoni, kibanda cha nyasi kule nyuma. Mbele ya kadi ya Dorotea iliandikwa kwamba nyumba ina bati. Nyuma yake Romana alikuwa ameongeza kwa penseli: mama analala jikoni. Libérate alikuwa ameingiza ya mbele tu, na akina mama kumi na mmoja walikuwa wamepotea hivyo.

Angeweza kusema. Badala yake alirudisha karatasi akasema iko sawa. Acha mabati yafike, akina mama wapige kelele, mzee ajue kioo chake hakijawahi kuendesha baiskeli hadi Litapunga. Siku mbili hizo alitembea mwepesi, na chai alikunywa kwa vitumbua viwili.

Alhamisi wakakaa kikao. Mzee Josephat alifungua kalamu, akamuuliza Libérate kama ana hakika, maana hayo ndiyo mabati ya mwisho na baada ya hapo mradi unafungwa.

"Hakika yangu ni dada Romana," alijibu Libérate. "Mimi nyumba hizo sijaziona. Yeye ameipitia orodha yote, amesema iko sawa."

"Kama ni Romana, mimi sina swali."

Miaka sita alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Alimkumbuka Dorotea mlangoni mwa kile kibanda, akimmenyea muhogo na kumwita mwanangu, huku paa juu yake likionyesha anga. Mzee aliishusha kalamu kwenye karatasi.

"Haiko sawa, mzee," alisema Romana. "Nilijua tangu Jumanne."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini alinyamaza. Walimtazama tu, na aliona kwamba wanajua. Libérate alitoka, akarudi na sanduku la kadi, akaliweka mezani mbele yake.

"Nionyeshe," alisema. Hakumwita dada.

Romana akatoa kadi ya kwanza, akaigeuza.