Saa Mbili ya Nani?

Mafundi walipong'oa swichi ya mwisho katika nyumba ya parokia, Paskalia alikuwa kwenye ngazi na ndoo yake mkononi. Ukutani pakabaki kibati cheupe, kitupu, hakina cha kubonyeza. Akakigusa kwa kidole. Miaka sita alikuwa akipiga deki nyumba ile ya Farsta, kitongoji cha Waswidi, na swichi zake alizijua gizani kama alivyozijua punje za rozari. Sasa taa zote, za ukumbi, za jiko, za ngazi na za vyumba vya chini, zilikuwa zimeunganishwa katika kabati moja la chuma. Kabati ndilo litakaloamua wapi paonekane na wapi pasionekane.

Aliyekuwa akiliandaa kabati alikuwa Mwafrika. Hilo ndilo lililomsimamisha Paskalia. Mwanaume mrefu wa miaka thelathini na kitu, amekaa juu ya kreti mbele ya kioo kidogo chenye maandishi ya kijani, anazungumza na Gunnel, mtunza jengo, Kiswidi kinachoteleza kama sabuni. Paskalia alisubiri Gunnel aende zake, kisha akajaribu bahati.

"Hujambo, baba."

Yule mtu akageuka nusura aanguke na kreti lake. "Eh! Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Mkenya wewe?"

"Umejuaje?"

"Shikamoo umeitoa kama mtu anayelipa faini."

Akacheka mpaka kalamu ikamponyoka. Akasema anaitwa Okech, amekuja kusoma umeme miaka tisa iliyopita, akaoa huku, akakaa huku. Akamwonyesha kazi yake kwa fahari. Kwanza unaandika kwenye karatasi: taa zipi ni kundi moja, ziwake saa ngapi, zizimike saa ngapi. Halafu unaziingiza kwenye mtambo, namba kwa namba. Halafu unazunguka chumba hadi chumba kujaribu. Makundi yalikuwa ishirini na mawili. Chumba cha chini mwisho wa korido kilikuwa kundi la tisa.

"Na mtu akitaka kuwasha mwenyewe?"

"Haiwezekani, mama. Watu ndio husahau taa. Mtambo hausahau."

"Na mtu akisahauliwa na mtambo?"

"Basi anakuja kunishtaki." Akachukua karatasi yake. "Gunnel amesema chumba cha chini Jumamosi ni cha Waafrika, nikuulize wewe. Mnaingia saa ngapi?"

Hapo Paskalia akapima kwanza, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alimwona mtu mwenye saa kubwa ya kifundi mkononi, mwenye miaka tisa ya Kiswidi mdomoni. Huyu, akajisemea, amekwisha kukatika na kwao. Nikimwambia tunaanza saa nane, ataandika nane yao. Afadhali nimrahisishie.

"Tunaanza saa mbili," akasema. "Tunamaliza saa tano."

Okech akatabasamu kidogo, akaandika. Ng'ambo ya ukuta mtu akaanza kutoboa kwa mashine, na mazungumzo yakaishia hapo.

Chumba hicho kilikuwa na viti ishirini, meza moja, na kijidirisha juu kabisa usawa wa nyasi. Ndimo walimosalia kila Jumamosi mchana, kwa kuwa Jumapili nyumba ilikuwa ya wenyewe. Waganda watano, mama mmoja wa Kikongo na mumewe, na Paskalia wa Bukoba. Mkatoliki, Mlutheri, Mwanglikana, wote wakasali pamoja kwa Kiswahili cha kuazimana. Mume wake, Evodius, alianguka kazini kwenye ghala la Jordbro, sasa ni baridi ya nne. Tangu hapo, mahali pekee duniani jina la Evodius lilipotajwa kwa sauti na mtu mwingine palikuwa ni chumba kile, kwenye maombi ya marehemu. Nyumbani alikuwa akilitaja mwenyewe, lakini jina unalojitajia mwenyewe halina mwitikio.

Barua ya baraza la parokia ilibandikwa mlangoni mwisho wa Novemba, mwaka themanini na saba. Gunnel alimsomea polepole. Kwa Jumamosi nne za majaribio, taa zikiwaka mahali, Gunnel atapita na kuhesabu vichwa. Chumba kitakachowaka bila watu mara zote nne watapewa wengine. Tayari wazee wanaojenga reli ndogo za kuchezea walikuwa wamekiomba hicho cha chini, waweke treni zao.

Jumamosi ya kwanza walikuja wanane. Korido ilikuwa na taa, ngazi zilikuwa na taa, chumba chao kilikuwa kiza kama tumbo la chungu. Wakapapasa ukuta, wakakuta kibati. Gunnel Jumamosi huenda kwake saa sita mchana, kwa hiyo hapakuwa na wa kuulizwa.

"Ndio hawa," akasema Damalie, Mganda wa Fittja, ambaye hufika kwa treni mbili na ulimi mmoja mkali. "Mswidi hakwambii ondoka. Anakuzimia taa tu, halafu anakutakia mwisho mwema wa wiki."

"Labda imeharibika," akasema Paskalia.

"Imeharibika hapa tu? Dada Paskalia, wewe hata shetani ungemtengea kiti."

Wakasali nusu saa wakiwa wamesimama, wakaenda zao.

Jumatatu Gunnel alimkuta jikoni akikamua deki. "Jumamosi hamkuja," akamwambia.

Paskalia akamtazama. Wametuzimia, na sasa ananiuliza! Maneno yalimjaa kifuani, lakini kwa Kiswahili. Ya Kiswidi yalikuwa nyuma kabisa, hayaji. Akasema, "Hapana," akaendelea na deki. Gunnel akaichukua kuwa kweli hawakuja, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na karatasi yake.

Jumamosi ya pili walikuja watano. Ssemakula, Mganda mwingine, alileta tochi. Wakaimba wimbo mmoja, tochi ikafifia, Damalie akafunga koti lake. "Mimi saa nzima njiani kuja kukaa gizani? Giza ninalo kwangu, tena na hita." Ya tatu hakuja mtu. Paskalia alikaa peke yake, rozari mkononi, mpaka kile kijidirisha cha juu nacho kikawa cheusi. Saa tisa tu, na siku imekwisha. Alipofika kwenye maombi ya marehemu alilitaja jina, akangoja, kwa mazoea tu. Bomba la joto likagonga mara mbili ukutani.

Jumamosi ya nne akaamua kwenda asubuhi kuchukua vitabu vya nyimbo, kabla wazee wa treni hawajavitia kwenye boksi. Alifika saa mbili na dakika kumi. Nje bado usiku mtupu, theluji inang'aa kwa taa za barabarani. Akashuka ngazi, akasimama.

Chini ya mlango wa chumba chao palikuwa na mstari wa mwanga.

Akafungua. Taa zote sita zilikuwa zinawaka, nyeupe, juu ya viti ishirini vitupu. Akatazama nyuma ya mlango kama kuna mtu. Akaangalia saa ya ukutani. Saa mbili na robo. Mbili yetu, akajisemea, kwao nane. Nane. Akakaa kwenye kiti cha karibu, mkono mdomoni.

Gunnel alimkuta hapo, kalamu mkononi. Kwenye karatasi yake, kundi la tisa lilikuwa na sufuri tatu zimepangana.

"Leo kuna mtu," akasema Gunnel. "Wewe ndiye kikundi?"

"Hapana. Sisi mchana. Ni makosa. Saa yetu..." Paskalia akatafuta maneno, akayapata moja moja. "Kwetu saa ya kwanza inaanza jua likitoka."

Gunnel akatazama kile kijidirisha cheusi kwa makini. Hakuwa anafanya mzaha. "Jua gani?"

Gunnel akafikiri, akagonga kalamu kwenye karatasi. Akasema leo ni ya nne na Jumanne baraza linakaa. Lakini yeye anaishi ng'ambo ya barabara. Mchana saa nane atarudi, na atakachokikuta ndicho atakachokiandika.

Karatasi ya namba za simu za fundi ilikuwa imebandikwa kwenye kabati la chuma. Paskalia akapiga simu kutoka jikoni.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Nani? Ni mama wa parokia?"

"Ndiye. Baba, taa zinawaka."

"Si ndiyo vizuri?"

"Zinawaka sasa hivi! Hakuna mtu!"

"Lakini si ndivyo ulivyoniambia, mama? Saa mbili. Sasa ni saa mbili na nusu."

"Saa mbili ya kwao! Ya mchana!"

"Mama. Yaani ulinipa saa ya Kizungu?"

"Nilikuona na Kiswidi chako na lile lisaa mkononi. Nikasema nikimpa saa nane ataandika nane. Nikakurahisishia."

"Na mimi nikasikia Kiswahili cha Tanzania, nikasema huyu mama hawezi kunipa saa ya hapa. Nikaongeza sita. Hata nilijisifu! Nikasema, Okech, miaka tisa na bado hujasahau kuhesabu."

"Na hukushangaa? Watu kusali Jumamosi alfajiri yote hii?"

"Nishangae nini? Mimi ni mtoto wa Wasabato. Kwetu Jumamosi saa mbili mama yangu ameshatupiga pasi, sisi na mashati." Akacheka, kisha sauti ikashuka. "Nilidhani nimepata watu wetu. Nikawa nasema siku moja nitapita."

"Mbona hukupita?"

"Eh, mama. Kazi." Akakohoa. "Nakuja. Nipe masaa mawili."

Kila mmoja alikuwa ametoka kumpokea mwenzake, wakapishana njiani. Paskalia hakuwa na muda wa kulisikitikia hilo. Akafungua kijitabu chake cha namba. Kwa Damalie aliitika mtoto. Paskalia akamsalimia kwa Kiswahili, mtoto akajibu kwa Kiswidi kwamba mama hayupo, akakata. Ssemakula yuko zamu mpaka usiku. Wale wa Kikongo simu ililia, ikalia. Mwingine alisema barabara zina barafu, dada, na kwani taa imerudi kweli au ni maneno? Paskalia akasema imerudi, ingawa ilikuwa bado. Yule akasema ataona.

Okech alifika saa tano, miwani imefunga ukungu. Akapiga magoti mbele ya kabati, akaita kundi la tisa. Paskalia akasimama nyuma yake, akizisoma namba kwenye kioo kama mtu anayehesabu chenji.

"Kumi na nne mpaka kumi na saba," akasema Okech. "Hapa hakuna ya Kiswahili wala ya Kizungu. Ni saa ishirini na nne, basi."

"Ungeniuliza hivyo tangu mwanzo."

"Nilitaka kusikia Kiswahili, mama."

Akafunga kabati. Mke wake alikuwa akimngoja madukani Farsta. Akaaga, akaondoka.

Saa nane kasoro dakika chache Paskalia alikuwa ameketi gizani, viti amevipanga duara. Taa zikawaka zenyewe, zote kwa mpigo, akashtuka ingawa alikuwa akizingoja. Baada ya dakika kumi akaja Gunnel, buti zina theluji. Akavitazama viti.

"Mmoja," akasema.

"Mmoja," akakubali Paskalia. Hakutaka kusema wengine wako njiani. Hakujua kama wako.

Gunnel hakuandika mara moja. Mmoja, akasema kwa upole, ni mtu. Baraza limeandika kikundi. Alikuwa bado ameinua kalamu Okech alipoingia, mfuko wa maziwa na mkate mkononi, anahema. Akamwambia Gunnel kwa Kiswidi kwamba amerudi kuhakikisha taa zimewaka kwa wakati.

Gunnel akatazama karatasi, akamtazama yeye. "Basi uko hapa kama fundi, au kama kikundi? Nina safu moja tu ya watu."

Paskalia aliinamisha macho kwenye rozari yake, hakumsaidia. Kitu kama hicho humsaidii mtu. Alisikia mfuko ukiwekwa sakafuni, na zipu ya koti ikishuka mpaka chini.

"Kikundi," akasema Okech.

Gunnel akaandika mbili, akawatakia mwisho mwema wa wiki.

Walisali vibaya. Okech hakujua Salamu Maria na Paskalia hakujua nyimbo za Kisabato, kila mmoja akamngoja mwenzake amalize. Saa tisa Okech akaondoka, maana maziwa na mke vyote vilikuwa vinangoja. Paskalia akakaa mpaka mtambo ulipozima wenyewe.

Barua ikaja Jumatano. Chumba ni chao mpaka Pasaka, kisha watahesabiwa tena. Wazee wa treni wametafutiwa mahali pengine kwa sasa.

Paskalia akampigia Damalie, safari hii akampata mwenyewe. Damalie alisikiliza habari yote mpaka mwisho, akacheka, akasema kumbe mtu anaweza kunyimwa taa kwa sababu ya adabu! Lakini kama atakuja, hakusema. Alisema treni, alisema baridi, alisema tutaona, dada.

Jumamosi akatangulia. Akapanga viti vinane, akaviangalia, akaongeza kimoja. Taa zikawaka. Akakaa mikono mapajani, akatega sikio. Juu mlango ukafunguka, mtu akapiga viatu kuvua theluji, akaanza kushuka ngazi taratibu. Mmoja. Paskalia hakuinuka. Alikuwa anasikiliza kama mlango utafunguka tena kwa mwingine.