Mapalio Yaliyolisha Mtama

Uongo una uzito wake, na Mzee Ndahani alikuwa ameubeba wa kwake tangu asubuhi. Mwenyekiti wa kijiji alimuuliza mbele ya watu, kwa kuwa ndiye pekee aliyesalia kati ya waliowahi kuswaga ng'ombe kwenye mapalio ya zamani, ile njia pana ya mifugo iliyokwenda hadi mnadani: je, ilipita wapi? Njia ikithibitishwa, nusu ya shamba lake itarudi kuwa ya wote. Akajibu bila kupepesa macho, "Kwangu haijawahi kupita." Nje ya ua wake wa minyaa, ng'ombe wa Gidamis, mfugaji wa Kibarabaig, walikuwa wakihema, siku ya pili bila maji, na lambo lipo ng'ambo ya shamba lile lile. Mkutano uliahirishwa hadi alasiri ili mzee apate nafasi ya kukumbuka vizuri. Alirudi nyumbani akasusa ugali wa mkewe, jambo ambalo halijapata kutokea tangu waoane, akajinyoosha juu ya ngozi kivulini mwa ghala. Usingizi ukamchukua jua likiwa utosini.

Akajiona yupo katika nchi ya ajabu, kwenye njia nyekundu iliyochimbwa na kwato hata kingo zake zikamfika kifuani. Palikuwa na mtu mnene, mpole, akifagia nyayo za ng'ombe taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. "Karibu, mzee wangu," alisema. "Mimi ni Usahaulifu. Umeniita mwenyewe asubuhi, nami sina maringo." Nyuma yake alikuja nduguye Choyo, akipanda minyaa kinyumenyume, na kila mche alioushindilia ulimbana yeye mwenyewe, mpaka akabakiwa na nafasi ya kusimama mguu mmoja, naye bado anapiga kelele, "Hapa pangu! Hapa pangu!" Ndahani alicheka sana. Kisha akaona kwamba shati alilovaa Choyo ni lake, lenye kiraka alichoshona mkewe, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Hapo akatokea mwanamke mfupi, tenga kichwani, mikono imejaa samadi, akamshika mkono bila kuomba radhi. "Naitwa Shukrani," alisema. "Watu hudhani makazi yangu ni mdomoni. Twende." Wakaifuata njia, na kadiri walivyokwenda ndivyo nyayo zilivyochomoza tena, ndivyo miluzi ya waswagaji ilivyosikika, ndivyo vumbi tamu la ng'ombe mia mbili lilivyomwingia puani, mpaka wakafika kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, ardhi yake nyeupe, imechoka, mabua yake hayafiki magotini. Bibi mmoja, njaa imemchora mashavu, alitoka akawaondolea miiba ya mlangoni. "Walazeni hapa, wanangu," aliwaambia waswagaji. "Sina cha kuwapa ila nafasi." Ndahani akamtambua. Alikuwa nyanya yake, mama mzaa baba.

"Ng'ombe wa wapita njia walilala hapa kila kiangazi, miaka arobaini," alisema Shukrani. "Walipoacha kuja, baba yako akalima, ukarithi wewe. Unajisifu kwamba mtama wako unaushinda wa wenzako kwa sababu ya mkono wako. Mkono wako ni mzuri, mwanangu, siubezi. Lakini hebu chimba." Akachimba kwa vidole. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unanukia zizi. Akachimba hadi kiwiko, bado mweusi.

"Fadhila za punda..." alianza Shukrani.

"Usimalizie, mama," alisihi Ndahani. "Nakuomba usimalizie."

Akaamka macho yamelowa. Alijaa shukrani mpaka kifua kikamuuma, shukrani kwa bibi yule, kwa waswagaji ambao hata majina yao hakuyajua, kwa kila sahani ya ugali iliyomkuza. Alielewa sasa kwamba shamba alilokuwa akililinda lisipitiwe na ng'ombe lilikuwa limetengenezwa na ng'ombe. Hakungoja alasiri. Alichukua panga akaushambulia ua, mkewe akimfuata mbio: "Utomvu huo, mume wangu! Utapofuka!"

"Nilishapofuka, mama. Sogea."

Pengo lilipofikia upana wa kupitisha ng'ombe wanne kwa mpigo, Gidamis alisita na fimbo yake. "Mzee, mkutano bado."

"Mkutano ulitaka nikumbuke. Nimekumbuka. Njia ni hii."

"Tukishanywesha tutaondoka upesi, tusikusumbue."

"Mwondoke mwende wapi? Walazeni hapa hapa."

Ng'ombe walinusa maji, wakaanza kumiminika. Mzee Ndahani alivua kofia, akasimama kando ya pengo, na kila ng'ombe aliyepita alimwambia, "Asante." Watu waliokuja mkutanoni walidhani jua limempanda kichwani. Hakugeuka kuwaeleza lolote mpaka wa mwisho, ndama aliyekuwa akichechemea, alipopita na kupewa ya kwake.