Kilio Alichokiokota Msibani

Dada mtu hakumwambia mdogo wake kwamba angekuja. Alitaka amshtukize. Alifunika cherehani mapema, akaacha sketi ya sare ya shule bila pindo, akavaa gauni alilojishonea mwenyewe na kwenda kuketi safu za mbele kama mgeni wa heshima. Ukumbi ulikuwa umefurika watu waliokuja kumwona mwigizaji maarufu akihojiwa moja kwa moja kwenye televisheni. Yeye alikuja kumwona mdogo wake, Kibuyu, kama alivyomwita kwa kichwa chake kikubwa tangu utotoni, kabla sifa hazijakivimbisha zaidi.

Alimpenda sana. Miaka kadhaa nyuma, mwanawe wa pekee alipougua ghafla na kufariki, mume alikuwa ameshatimka kitambo, na jamaa walileta pole za midomoni tu. Kibuyu peke yake ndiye aliyemshika mkono, toka hospitali mpaka kaburini, asiuachie. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mkono ule ndio uliomvusha. Kila majonzi yalipomzidi, alijiambia kwamba angalau hakulia peke yake.

"Jamani, hebu tukitazame kile kipande kilichotutoa machozi sote," alisema mtangazaji.

Taa zikafifia. Filamu ile dada mtu hakuwahi kuitazama. Alisikia ni ya baba aliyefiwa na mtoto, na kidonda chake kilikuwa bado kibichi. Kwenye kioo kikubwa akatokea Kibuyu, amepiga magoti kando ya kitanda cha hospitali. Hakupiga yowe. Aliuma ukosi wa shati, akawa anajigonga paja kwa ngumi, polepole, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwamsheni. Atachelewa shule."

Maneno yale aliyasema dada mtu mwenyewe, siku ile, mbele ya mwanawe. Ngumi ile ilikuwa yake, na ukosi, na paja.

Makofi yakarindima. Mama aliyeketi pembeni yake alikuwa anajifuta machozi.

"Kilio kile ulikitoa wapi?" mtangazaji aliuliza.

"Nilikiokota msibani," mwigizaji alijibu, akiegemea kiti. "Kuna mama mmoja namfahamu, alifiwa na mtoto. Nilimshika mkono kutwa nzima. Watu wanadhani namfariji, kumbe mwenzao niko kazini. Naangalia anavyovuta pumzi. Nikimwachia tu, kuna kitu kitanipita. Kazi yetu haina likizo, ndugu yangu."

Watu wakacheka kwa kumsifu. Mama mmoja namfahamu. Hata udada alikuwa ameshavuliwa.

Ulipofika wakati wa maswali, dada mtu aliinua mkono, na kipaza sauti kikamfikia.

"Langu ni dogo tu," alisema. "Siku ile, wewe mwenyewe ulilia?"

Mwigizaji aliitambua sauti kabla hajauona uso.

"Dada."

"Nimekuuliza, Kibuyu."

Mtangazaji akajifanya anatafuta kitu kwenye karatasi zake.

"Sikulia," Kibuyu alisema. "Niliona nikilia sitaona vizuri. Nikasema nitamlilia baadaye. Halafu tukaanza filamu."

"Ukamlilia huko."

"Nikamlilia huko, dada."

Akashuka jukwaani, akamkumbatia. Ukumbi mzima ukasimama kwa makofi, simu zikainuliwa juu kuwapiga picha. Kibuyu alikuwa anatetemeka kweli, na dada mtu alijua hakuwa anaigiza, lakini haikumsaidia kitu. Alisimama mikono imening'inia, akajikaza lisimtoke hata chozi moja, kwa maana hakujua tena chozi lake lingeishia wapi.

Alifika nyumbani jua halijazama. Akafunga mlango, akaketi kitandani, akataka kumlilia mwanawe kama alivyokuwa akimlilia siku zote. Kilio kilipanda mpaka kooni. Lakini kila kilipokaribia kutoka alijiona, namna anavyoinamisha shingo, namna mabega yanavyopanda, kana kwamba yuko ukumbini anamtazama mtu mwingine. Alijaribu kulia kwa namna nyingine, akaona aibu. Basi akakaa hivyo hivyo, macho makavu, na kwa mara ya kwanza tangu amzike, mtoto wake alikosa wa kumlilia.