Mpira wa Reli

Kaka yangu anaamini bledi ni bledi. Ikizunguka, inakata, mengine yote kwake ni mbwembwe. Ndivyo alivyokuja na ile nene, yenye meno machache makubwa, ya kufunga kwenye msumeno wetu wa duara wa betri. Tundu lake la katikati lilikuwa pana mno, ikabidi atafute pete ya kulipunguza.

"Hiyo ni ya kupasulia mbao za paa," nilimwambia. "Itanyonya betri na kuchana ngozi ya ubao."

"Maneno mengi. Ubao uko mmoja, na fundi cherehani anakuja leo. Ukiuharibu, mdogo wangu, unarudi kwenye msasa, na msumeno hutaugusa tena humu."

Nilijua hatanii. Tangu baba atuachie karakana, kaka anakata, mimi nalainisha makosa yake. Kazi hii ilikuwa ya kwanza kukabidhiwa mimi, tena kwa sababu fundi cherehani aling'ang'ania. Alitaka meza ya kukatia hariri: plaiwudi yenye ngozi nyembamba ya msaji, na ukingo usio na hata kibanzi kimoja cha kunasa uzi.

Nikachukua bledi yetu ya zamani, iliyokwisha makali, nikaenda nayo dukani.

"Fundi wako kasemaje?" muuzaji akauliza.

"Fundi ndiye huyu unayemwona."

Akacheka, akanimwagia bledi kaunta nzima. Nikawa nalaza ya zamani juu ya kila moja mpaka nikapata iliyolingana nayo kwa upana, kwa tundu na kwa unene wa meno, ila yenye meno mengi na madogo. Nikahakikisha inahimili kasi ya msumeno wetu. Nikarudi natembea kifua mbele.

Karakana ilinuka moshi. Kaka alikuwa na msumeno mkononi, bledi yake nene ndani, na reli yetu, ule upau mrefu wa kuuongoza msumeno ukate mstari ulionyooka, imelazwa juu ya kipande chakavu cha plaiwudi.

"Nilikuwa naijaribu tu," akasema. "Inakata, si unaona?"

Nikainamia reli, nikaona alichofanya. Ukingoni mwa reli kuna utepe wa mpira. Bledi ya kwanza kupita huukata ukaishia pale pale meno yanapopita. Baada ya hapo mpira huo ndio unaokuonyesha mstari, na ndio unaoikandamiza ngozi ya ubao isibanduke. Ile nene ilikuwa imeutafuna. Bledi yangu, iliyo nyembamba, sasa ingepita mbali nao, na msaji ungechanika.

"Basi tumia hii nene," kaka akasema. "Si ndiyo inayoelewana na mpira sasa?" Hata haya hana!

"Siitumii."

"Fundi cherehani huyo mlangoni."

"Aingie aone."

Nikaubandua mpira wote. Nikausogeza nje kidogo na kuubandika upya. Bahati nzuri gundi yake ilikuwa bado inashika. Nikafunga bledi yangu, nikapitisha msumeno mara moja kuukata mpira kwa kipimo chake. Kaka akanyoosha mkono.

"Lete nikate mimi. Usituaibishe mbele ya mteja."

"Toa mkono, kaka. Ukitaka kunirudisha kwenye msasa, nirudishe baadaye. Sasa hivi nakata."

Nikailaza reli juu ya ubao wa meza, nikabonyeza swichi. Nikasukuma bila kusita, unga wa mbao ukinirukia usoni, hadi kipande cha pembeni kikaanguka.

Fundi cherehani akausogelea ubao. Alitoa kitambaa cha hariri kwenye mkoba, akakiburuta ukingoni mwanzo hadi mwisho. Hakikunasa. Akarudia, akatabasamu.

Kaka naye akapitisha kidole gumba, polepole, akitafuta. Akakosa.

"Sasa mimi nifanye nini?" akauliza.

Miguu ya meza, aliyoikata yeye juzi, ilikuwa imeegemea ukutani imejaa vibanzi. Nikamwonyesha kwa kidevu.

"Msasa uko palepale ninapouweka siku zote."